Mkataji Aliyemwuliza Mungu Jambo Analolijua

Siku tuliyomzika mkataji, watu watatu walisimama mmoja baada ya mwingine na wote wakasema neno lile lile: alikuwa mtu wa sala, hakuamua jambo kabla ya kumwuliza Mungu. Hawakusema uongo. Nilifanya naye kazi chumba kimoja miaka ishirini na sita, yeye kwenye meza ya kukatia, mimi kwenye meza ya pasi, na sijaona mtu mwingine aliyepiga magoti kama yeye. Lakini wasemaji wale walikuwa vijana, na kijana humsifu marehemu kama anavyonunua nguo ya dukani. Anatazama mbele tu. Hageuzi ndani akaona mshono. Mimi nitageuza. Nina haki hiyo, maana mshono mmoja wa ndani ni wangu.

Karakana yetu ilikuwa nyumba ndefu ya matofali, yenye madirisha upande usiopigwa na jua, ili rangi ya kitambaa isimdanganye mtu. Ndani kulikuwa na cherehani kumi na moja za kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia iliyong'aa kwa kusuguliwa na viwiko, na nyuma kabisa, stoo ya majora. Siku hizo mtu alipimwa. Alikuja mara tatu kabla ya kuvaa suti yake, na mara ya tatu tulijua hata bega lake lipi linabeba mzigo. Sasa watu wanavaa nguo zilizokatwa na mashine kwa ajili ya mtu asiyekuwepo, halafu wanashangaa mikono imewafika kwenye vidole. Sisemi zaidi. Nikiendelea nitaambiwa nimezeeka, kana kwamba hilo ni jibu.

Mkataji alikuwa na desturi yake. Kitambaa kikishatolewa kwenye jora alikinyunyizia maji, akakiacha mezani kipumzike, kwa sababu kitambaa kilichovutwa muda mrefu hukumbuka kuvutwa na hujikunja baada ya kushonwa. Kesho yake alichora kwa chaki. Halafu, kabla ya kushika mkasi, aliweka viganja vyote viwili juu ya kitambaa, akafumba macho, midomo ikatikisika. Karakana nzima ilinyamaza. Hata waliokuwa katikati ya mshono waliinua miguu kwenye kanyagio.

"Tulieni," Shangazi alikuwa akinong'ona. "Mkataji anapiga simu ya mbali."

Alipofumbua macho alikata kwa mkato mrefu, bila kurudia. Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba kitambaa kilichokatwa hakirudi, kwa hiyo maneno yote na Mungu yaishe kabla. Akayashika hayo mpaka nje ya karakana. Hakuhama nyumba bila kusali, hakumpa mtoto jina bila kusali. Mkewe alikuwa akitusimulia mbele yake, naye anacheka kwa aibu: "Aliponitaka alipiga magoti wiki mbili. Nikachoka kungoja, nikampelekea jibu mwenyewe."

Huyo Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mshonaji mwenye umri mkubwa kuliko sisi sote, mjane asiye na mtoto, na tulimwita hivyo kwa heshima na kwa kuogopa ulimi wake. Aliishi katika kimoja cha vyumba vilivyokuwa nyuma ya karakana, mali ya mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Tajiri. Aliishi na mama yake, bibi kizee ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kazi. Chumba kilikuwa cha Shangazi kwa muda wote atakaokuwa kazini, na hilo kila mtu alilijua. Kazi yake ilikuwa kupokea vipande kutoka kwa mkataji, kuvilinganisha, na kuviunga. Macho yake ndiyo yalikuwa ya mwisho kabla ya sindano.

Sasa nije kwenye mahameli.

Bendi moja ya tarumbeta ilitaka makoti kumi na manane ya mahameli nyekundu iliyokolea, kwa ajili ya kufungua ukumbi wao mpya. Asiyejua mahameli lazima nimweleze jambo moja. Kitambaa kile kina manyoya, kama mgongo wa paka. Ukipapasa upande mmoja yanalala, upande mwingine yanasimama. Yaliyolala hung'aa na kuonekana yamepauka. Yaliyosimama huonekana meusi. Kwa hiyo ukitandaza mahameli tabaka juu ya tabaka ili ukate mengi kwa pamoja, kila unapofika mwisho wa meza inabidi ukate, urudi na kichwa cha kitambaa mpaka mwanzo, utandaze tena, ili manyoya yote yaelekee upande mmoja. Vitambaa vingine havina masharti hayo. Unakwenda na kurudi tu, unakunja huku na unakunja kule, na kazi inaisha nusu saa mapema.

Siku ile Tajiri alikuwa amesimama mlangoni na saa mkononi. Mkataji alikunja huku na kule. Mikono ilienda kwa mazoea, kama miguu inavyokupeleka nyumbani wakati umetumwa sokoni. Kisha akaweka viganja, akasali, akakata. Alisali vizuri tu, nilimwona. Lakini kosa lilikuwa limeshatandazwa chini ya viganja vyake.

Jumatano, Shangazi alisimama dirishani akiwa na kipande kila mkono.

"Mkataji, hebu njoo. Vifua hivi havisalimiani."

"Havisalimiani vipi?"

"Cha kushoto cheusi, cha kulia kimepauka. Kama ndugu wa mama mbalimbali."

Mkataji alivitazama pale alipokuwa, hakwenda dirishani. "Ni mwanga tu, Shangazi. Mahameli ndivyo ilivyo."

"Mimi nimeshona mahameli kabla hujaota ndevu."

"Na mimi nimekiombea kitambaa hiki mbele yenu wote. Shona tu. Bendi inangoja."

Shangazi akaviteremsha vile vipande. "Haya," akasema. "Ni neno lako."

Akashona. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, nyuma ya kabati la nyuzi, nikipasha maji ya mvuke. Hawakuniona, lakini nilisikia kila neno. Baadaye, makoti yalipofika mezani kwangu, niliyapapasa na kiganja kikanieleza yote: huku yanalala, huku yanasimama. Ningeweza kusema siku ile, kabla hayajatoka. Nikajiambia mkataji ni mkataji, na mpiga pasi ni mpiga pasi.

Jumamosi bendi waliyavaa ukumbini kwao, taa kubwa zikawashwa. Jumatatu asubuhi mkuu wao aliyaleta yote kwenye mkokoteni, akatusaidia hata kuyatundika.

"Tuliomba makoti kumi na manane," akasema kwa upole unaoumiza kuliko tusi. "Mmetupa nusu makoti thelathini na sita."

Ilikuwa kweli. Kila koti lilikuwa na upande wa msiba na upande wa harusi. Na mahameli haifumuliwi ikapona. Tundu la sindano hubaki, na manyoya yaliyobanwa na mshono hayainuki tena.

Mkuu wa bendi alipoondoka, Tajiri alisimama mbele ya makoti yale kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa kuchekwa, na mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko mbaya.

"Nani?" akauliza. Akamgeukia aliyeunga. "Shangazi, macho yako ndiyo ya mwisho."

"Ndiyo, Tajiri."

"Basi niambie."

"Mwulize mkataji," Shangazi akasema.

Baadaye washonaji wenzake walimjia juu. Kwa nini hakusema pale pale kwamba aliuliza akaambiwa ashone? Jibu lake ninalikumbuka, kwa sababu ni jibu la watu wa zamani, na sijalisikia tena tangu wao waishe. Alisema: "Nikisema mimi, nitakuwa nimemshitaki. Akisema mwenyewe, atakuwa mwungwana. Namwachia nafasi yake."

Alimwachia. Mkataji akaitazama ile nafasi, akainamisha kichwa, akasema, "Tajiri, nipe siku chache. Jambo hili nataka nilipeleke kwa Mungu kwanza."

Hakuna mtu ambaye angeweza kumkatalia, yeye hasa. Tajiri akakubali. "Ijumaa, saa nne. Nataka jina moja. Nisipolipata, aliyeunga ndiye atakayeondoka, na chumba atakirudisha."

Zikaanza siku nne ambazo mpaka leo nikizikumbuka masikio yananiwaka.

Mkataji hakuwa mnafiki, naomba nieleweke. Mnafiki angesali mbele yetu. Yeye aliingia stoo ya majora, akafunga mlango, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji mpaka yakachubuka. Jumanne, alinisimulia baadaye, alimwomba Mungu ishara: ikiwa anatakiwa kusema, sindano ivunjike kabla ya saa sita. Zilivunjika tatu. Akasema hizo ni sindano mbovu, toka zinunuliwe zinavunjika. Jumatano alifunga kula. Akaomba ishara nyingine, kwamba mteja wa kwanza kuingia awe mwanamke. Akaingia mwanamke. Akasema wanawake ndio huja asubuhi, hiyo si ishara.

Wakati huo Shangazi alikuwa akija kazini kama kawaida, anakaa kwenye cherehani yake, anashona mashati ya shule. Hakumtazama mkataji wala hakumkwepa. Mara moja tu, mlango wa stoo ulipofungwa, alisema na uzi mdomoni, "Simu ya safari hii ni ndefu." Hakuna aliyecheka.

Alhamisi mkataji alinikuta bombani, nanawa. Macho yalikuwa yameingia ndani.

"Pasi," akaniambia, maana hilo ndilo jina nililoitwa, "Mungu amenyamaza."

"Unamwuliza nini?"

"Namwuliza kama niseme." Akasita. "Fikiria. Vijana wote humu nimewafundisha mimi. Wakijua nimekunja mahameli kama shuka, nani atanisikiliza tena? Karakana itasimama juu ya nini? Labda Mungu anaona mbali kuliko mimi. Labda hataki."

Hapo ndipo mshono wangu ulipo. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kumwambia: nilisikia. Yangemtosha. Mtu anayejificha husumbuka sana mpaka aonwe na mmoja, akishaonwa anapumua. Nami nilikuwa nimejifundisha kusoma kwa magazeti tuliyokatia vielelezo vya nguo, nilijiona mwenye akili kuliko wote mle ndani, nilikuwa na methali ya kila hali. Nikamwambia, "Ngoja tu, ndugu yangu. Subira huvuta heri. Atajibu."

Akanishukuru. Akanishika hata mkono.

Nilichoogopa ni kidogo sana hata naona haya kukiandika. Niliogopa kuulizwa, "Na wewe uliyesikia, kwa nini ulipiga pasi?" Basi. Kwa ajili ya swali hilo moja, mjane na mama yake walikuwa wanahamishwa.

Mkewe naye, nilikuja kuambiwa, alimwambia siku hiyo hiyo wakiwa mezani: "Baba, umekonda kwa kusali au kwa kuogopa?" Mkataji akaacha sahani akatoka nje. Mke akamwita arudi ale. Alikuwa ameshasema lake.

Ijumaa saa tatu na nusu mkataji aliingia stoo. Saa nne Tajiri akatoka ofisini.

"Mkataji yuko wapi?"

"Anasali," akajibu mmoja.

Tajiri akaushika mpini wa mlango wa stoo, kisha akauachia. Alilelewa vizuri; hakutaka kumkatiza mtu aliye mbele ya Mungu. Akageuka. "Shangazi, muda umefika."

Shangazi akasimama. Alikuwa amengoja mpaka dakika ya mwisho, na hata hapo alitazama kwanza ule mlango. Ndipo akasema, "Nilimwuliza mkataji. Nilimwonyesha vipande dirishani. Akaniambia nishone."

Tajiri akakunja uso. "Mtu anayesali hasemwi nyuma ya mgongo. Kuna aliyesikia?" Macho yake yakazunguka chumba, yakanifikia. "Wewe Pasi, meza yako ndiyo iko karibu."

Nilitazama mvuke.

"Mvuke una kelele, Tajiri," nikasema. "Mimi ni mtu wa pasi tu."

Shangazi hakunitazama. Hakujua kwamba nilikuwa nyuma ya kabati siku ile, kwa hiyo alinihesabu tu kama mtu ambaye hakusikia. Akakunja kazi aliyokuwa nayo, akachomeka pini zake moja moja kwenye kimto chake, akatoka. Wanaume wawili walimbeba mama yake akiwa juu ya kiti, kiti na mtu wake, na yule bibi njiani alikuwa akiuliza, "Tunakwenda wapi? Jamani, nani amekufa?" Wakaelekea kwa dada mdogo wa Shangazi, ng'ambo ya daraja.

Mkataji alitoka stoo saa nne na nusu. Alikuwa na nyuzi zimemganda kwenye magoti. Akakitazama kile kiti kitupu.

"Ameshaondoka," nikamwambia.

Akaketi juu ya jora. "Nilikuwa karibu kupata jibu," akasema.

Mshonaji mdogo kuliko wote, msichana ambaye hatukuwa tumesikia sauti yake miezi mitatu, akasema bila kuinua kichwa, "Basi mpelekee. Njia ni ile ya darajani."

Hakwenda siku ile. Alikwenda kwanza kwa Tajiri, Jumatatu, akamwambia yote ofisini, mlango umefungwa. Alinisimulia mwenyewe, zaidi ya mara moja na kwa maneno yale yale, ndiyo maana naamini. Tajiri alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee wangu, nimeshamwambia mkuu wa bendi kwamba aliyeharibu ameondoka. Sasa nirudi nimwambie ni mkono wangu wa kulia? Shangazi ameshakwenda. Wewe ukiaibika, nani atawaheshimu wengine? Kasali, mzee. Mwachie Mungu."

Mkataji aliniambia kwamba maneno yale, mwachie Mungu, yalikuwa yake. Ndiyo aliyokuwa akituambia sisi kila tukiwa na shida. Alipoyasikia yakitoka kwa mtu mwingine, kwa kazi ile, aliinuka kitini. Alitoka ofisini akapita mlango wa stoo. Mazoea yalimvuta. Hakuingia. Alikwenda moja kwa moja darajani.

Alimkuta Shangazi uani kwa dada yake, anamsuka mama yake nywele. Mkataji akamwamkia bibi. Shangazi akamwonyesha kigoda kwa kidevu.

"Shangazi, nimekuja kukwambia kwamba..."

"Ulichokuja kuniambia ninakijua. Nilikijua kabla yako. Mimi nina swali." Akaendelea kusuka. "Mungu alikujibu siku gani?"

Mkataji alisema ulimi ulikuwa umeshafika kwenye neno "jana". Ingependeza: mtu amesali wiki nzima, amejibiwa Jumapili, amekuja Jumatatu. Lakini yule bibi kizee alikuwa anamtazama, kichwa kimeinamishwa na vidole vya bintiye.

"Jumatatu ile," akasema. "Makoti yalipotundikwa. Kabla hata sijamwuliza."

"Na siku nne ulizopiga magoti, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najificha."

"Unajificha Mungu asikuone?"

"Hapana. Nilijificha nyuma yake."

Shangazi akafunga ncha ya msuko. "Angalau hilo hukulisalia," akasema. "Sikiliza. Machozi sitaki, uani hapa pana matope ya kutosha. Mimi nilifukuzwa mbele ya cherehani kumi na moja. Kanisafishe pale pale, na mimi niwepo."

Shangazi alikuja Jumatano saa nne. Alivaa gauni alilojishonea mwenyewe miaka mingi nyuma, la kola iliyosimama, na akasimama mlangoni pale wanaposimama wateja. Mkataji alitoka nyuma ya meza yake. Niliona viganja vyake vinatafuta kitambaa cha kutulia juu yake; hapakuwa na kitambaa. Akaviacha vikining'inia. Hakufumba macho.

Akasema. Alisema jinsi alivyokunja mahameli huku na kule kama mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Alisema alisali juu ya kosa akadhani limegeuka kuwa sawa. Alisema Shangazi aliona, akamwita, naye hakupiga hata hatua nne kwenda dirishani. Alisema, "Halafu nikawaambia nyinyi ninamwuliza Mungu. Sikumwuliza lolote. Nilikuwa nampigia kelele ili nisimsikie."

Tajiri alikuwa ameshatoka ofisini. "Mzee, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana mimi na wewe, Tajiri. Shangazi hakuwepo."

"Haya ni huruma tu," Tajiri akatuambia sisi, si yeye. "Anamwonea huruma mjane, anataka kubeba mzigo usio wake. Ndivyo alivyo, mnamjua. Nani alisikia akimwambia ashone? Kuna shahidi?"

Mkataji akainamisha kichwa. "Hakuna," akasema. "Tulikuwa wawili tu."

Nikaona uso wa Shangazi unajifunga, kama mtu aliyekuja na chombo kisimani akakuta kumekauka. Neno la mkataji peke yake lilikuwa linamgeuza mkataji kuwa mtakatifu zaidi, na yeye kubaki mharibifu. Sala zake za miaka yote zilikuwa zinamzuia hata kuaminiwa.

Nikaiweka pasi kwenye kigae chake.

"Mimi nilisikia," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikarudia. "Nilikuwa nyuma ya kabati la nyuzi. Nilisikia yote. Ijumaa nilikudanganya, Tajiri. Mvuke hauna kelele za namna hiyo."

Mkataji aligeuka akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba chumba alichodhani kitupu kilikuwa na mtu. Nadhani aliikumbuka Alhamisi, bombani, na mkono alionishika. Lile la bombani hakulitaja hata mara moja mpaka alipokufa.

Shangazi ndiye aliyesema. Alinitazama bila hasira, polepole, toka juu mpaka chini, kama anavyotazama kipande kabla ya kukiunga.

"Na wewe, Pasi? Ulikuwa unasali?"

Mtu mmoja alianza kucheka, akajizuia.

"Hapana, Shangazi," nikasema. "Mimi sikuwa nasali."

"Basi mwenzako ana afadhali."

Tajiri alimwomba arudi kazini. Alimwomba mbele yetu, na haikuwa rahisi kwake. Shangazi akamwacha angoje kidogo, kisha akasema atarudi kwa sababu mama yake alikizoea kile chumba. Watu wasijidanganye kuna sababu nyingine. Mkataji mwenyewe alikwenda kwa mkuu wa bendi akamwambia mkono ulikuwa wake. Makoti yalikatwa upya. Kila alipofika mwisho wa meza alikata, akarudi na kichwa cha kitambaa mpaka mwanzo, na alipokwisha kutandaza hakusali mpaka alipomwita Shangazi aje apapase. Shangazi akapapasa tabaka zote, akasema, "Haya, sasa piga simu yako."

Tulifanya kazi pamoja miaka saba baada ya hapo, mpaka Tajiri alipoanza kuleta nguo zilizoshonwa tayari, na karakana ikawa duka, na duka likatufunga sisi. Mkataji aliendelea kusali. Vijana walikuja kwake na mambo yao, nihame au nisihame, nimwoe huyu au yule, wakitaka awaombee waonyeshwe njia. Aliwauliza swali moja tu kwanza: "Hulijui, au hulitaki?" Wasiolijua aliwapigia magoti kwa moyo wote, hata nusu siku. Wengine aliwaambia waende nyumbani. Wapo waliokasirika. Waliosema maneno kaburini ni wale aliowapigia magoti.

Shangazi aliketi katikati yetu kama zamani, yeye dirishani, mkataji kushoto, mimi kulia. Yeye na mkataji walitaniana tena. Ilichukua mwaka, lakini siku moja nilisikia wanacheka. Mimi Shangazi aliniamkia kila asubuhi kwa adabu zote, "Umeamkaje, Pasi," na miaka yote saba hakunitania hata mara moja. Niliitikia nikiwa nimeinamia pasi, hata siku ambazo haikuwa na moto.